Nafasi ya Kuitikia

Kwa miezi kadhaa redio yetu ya Bagamoyo ilifunguliwa kila asubuhi na mtu aliyekwisha kufa. Kazi yangu mimi ilikuwa kufungua mlango, kuwasha mtambo, kungoja taa ndogo nyekundu igeuke kijani, halafu kubonyeza. Yeye ndiye aliyewasalimia watu.

Nasema "redio yetu" na sijui kama nina haki ya kusema hivyo. Mimi ni mshona nguo, nimeishia darasa la saba, na pale nilikuwa mtu wa kujitolea kama wenzangu wote. Lakini kila aliyeingia alisema "redio yetu", hata waliokuja kugomba, kwa hiyo na mimi niseme. Ni vyumba viwili nyuma ya ghala la zamani la nazi, magodoro ya sponji yamegongomelewa ukutani ili sauti isirudi. Haiuzi kitu. Inatangaza mbuzi aliyepotea Zinga, maji yatakayokatika, chanjo ya watoto, mazishi. Siku nyingine mtaalamu anakuja kutoka chuo cha uvuvi cha Mbegani kueleza namna ya kukausha dagaa mvua zikikithiri, na anazungumza taratibu kama anayesimulia ndoto yake, mpaka mtu unasahau kwamba ni dagaa.

Salamu ya asubuhi ilirekodiwa redio ilipokuwa changa. Kamati ilikaa kutafuta sauti ya kufungulia. Wapo waliotaka mwalimu, wapo waliotaka shehe, na mmoja akakumbusha kwamba Wakristo wapo pia na wao wana haki ya kuamshwa vizuri. Maneno yakawa mengi. Ndipo mama mmoja wa kamati akauliza, "Kwani sasa hivi nani anatuamsha?"

Tulijua sote. Alikuwa bibi wa vitumbua. Kila alfajiri alipita mlango kwa mlango na beseni lake kichwani, na baada ya kutoa salamu hakusogea mpaka aliyemo ndani aitikie, anunue asinunue. Ukikaa kimya kwa uvivu, anasimama pale pale. "Mimi sipiti kuuza tu," alikuwa akisema. "Napita kujua kama mmeamka wote."

Basi akaletwa. Fundi wetu wa mitambo, kijana mpole aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam, akamweka mbele ya kipaza sauti, akamwambia aseme kama anavyosema kila siku. Bibi akajifunga upya mtandio wake, kana kwamba mlango ungefunguliwa wakati wowote.

"Assalaam alaykum," akasema. "Hamjambo wa mjini? Hamjambo wa mashamba? Mmeamkaje?"

Akanyamaza. Tukangoja. Fundi akamwashiria kwa mkono aendelee, bibi akamtazama tu. Muda ukapita, mrefu hasa. Halafu akasema, "Alhamdulillahi. Haya, kumekucha."

"Vizuri sana, bibi," fundi akasema. "Ila pale katikati umenyamaza mno. Hapo nitakata."

"Utakata nini?"

"Ule ukimya."

"Ule si ukimya. Pale watu wanaitikia."

"Lakini hatuwasikii, bibi."

"Wewe hujibiwi salamu mpaka usikie? Unamsalimia mtu unapita kabla hajafungua kinywa? Mamako kakufunza hivyo?"

"Mama hakuwa mtu wa redio, bibi."

"Nimekuona. Redio ndiyo iliyokuharibu."

Tulicheka, na fundi akacheka, na ile nafasi ikabaki. Lazima niwe mkweli, fundi hakukosea. Katika kazi yao ukimya hewani ni ugonjwa. Wageni wakipita hapa na kufungua redio hudhani imekufa. Alikuja pia mwenye duka mmoja kuomba nafasi ile awekewe tangazo la sabuni yake. Kamati ikamjibu kwa adabu kwamba pale pana watu tayari.

Sikuwa nimeelewa maana ya jibu lile mpaka siku mwenzangu aliponishikia zamu nami nikapita mtaani saa kumi na mbili kamili. Umande ulikuwa haujaondoka. Moshi wa vifuu vya nazi ulikuwa umelala chini chini kwenye vichochoro kama kitu kilichosahauliwa. Kwenye madirisha mengi redio zilikuwa zinasema, sauti moja ile ile kutoka kila upande, nami nikawa napita ndani yake kama mtu anayepita shambani. "Mmeamkaje?" Halafu nafasi. Na katika nafasi ile, ukuta kwa ukuta, nikawasikia. Waalaykum salaam. Hatujambo. Salama, bibi. Mmoja alikuwa na mswaki mdomoni. Mwingine bado amelala, ameitikia kutoka ndani ya chandarua kwa sauti ambayo mwenyewe hakuisikia. Mtaa mzima ulikuwa unaitikia na hakuna aliyekuwa akimwitikia mwenzake. "Alhamdulillahi," bibi akasema, kama aliyewasikia wote. Nilisimama katikati ya njia nikaona aibu kidogo, sijui kwa nini, kama nimewachungulia watu ndotoni.

Bibi alikufa kwa homa ya siku chache. Akazikwa alasiri, watu wengi. Kesho yake kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na sikujua nifanye nini. Nilimpigia mwenyekiti wa kamati, naye akasema tuipumzishe salamu siku tatu za matanga. Siku ya nne watu wakaanza kuuliza, ikarudishwa. Sauti yake ilikuwa ile ile. Sijui kwa nini nilitarajia itakuwa imebadilika.

Mumewe alibaki peke yake ndani ya nyumba. Alikuwa mpishi kule chuo cha Mbegani mpaka alipostaafu, mtu mrefu, mguu mmoja umevimba. Nikitoka redioni asubuhi njia yangu inapita kwake, na namkuta barazani na redio yake ya betri, waya wa shaba umefungwa kwenye antena iliyovunjika.

"Leo kasema vizuri," ananiambia.

"Ni ile ile ya kila siku, baba."

"Najua. Leo kaisema vizuri." Halafu ananieleza, bila kuulizwa, namna anavyoitikia. "Namwambia, salama, je wewe? Hiyo ya pili hanijibu. Hata alipokuwa hai hakuwa akiijibu. Anakuuliza wewe, yeye hataki kuulizwa."

Hapo ndipo mtoto wao alipokuja kunitafuta. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwanamke wa umri wangu hivi, ameolewa Kiwangwa, analima mananasi. Alinikuta kwenye cherehani, akasimama mlangoni na viatu vyake vyenye udongo mwekundu.

"Shoga, nimekuja kukuomba jambo baya."

"Kama ni baya, kaa kwanza."

Akakaa. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa ameanguka bafuni akabaki chini mpaka saa sita mchana jirani aliposikia. Kwamba jiko la mkaa analiacha linawaka ndani. Kwamba ule mguu unataka mtu wa kuuangalia kila siku, na yeye hawezi kuacha shamba na watoto akaja kuishi mjini.

"Nimemwambia, baba, twende kwangu. Chumba kipo, wajukuu wapo. Unajua ananijibu nini? Kiwangwa redio haishiki."

"Haishiki kweli?"

"Inavuma tu. Siku yenye bahati unapata neno moja, mawili, inakwenda zake." Akainama akakwangua udongo kwenye kiatu. "Atakufa mle ndani peke yake kwa sababu ya salamu. Iondoeni."

"Si yangu peke yangu, ni ya kamati."

"Nani anabonyeza?"

"Mimi."

"Basi."

Usiku ule sikuandika kitu kwenye daftari langu ninalotunzia mambo ya kila siku. Nilikuwa naona haki pande zote mbili, na huo ndio ubaya wangu tangu utotoni. Nikipewa chapati niwagawie wenzangu, naipima kwa uzi mpaka inapoa na wote wananichukia. Nikafikiri, nikiiondoa nimemdhulumu mzee. Nikiiacha nimemdhulumu binti, na mzee huyo huyo ataanguka tena. Kamati ningeiuliza ingekaa vikao vitatu. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Niligawa. Siku moja salamu, siku ya pili hakuna. Siku moja ya baba, siku moja ya binti. Sikumwambia mtu.

Siku ya binti nilifungua kwa sauti yangu mwenyewe: habari za asubuhi, hii ni redio yenu. Halafu haraka haraka matangazo, bila nafasi yoyote, maana sikuona kama mimi nilistahili kuitikiwa. Niliona ni haki kabisa. Nilikuwa hata na mistari kwenye daftari, B na M, baba na mtoto, B na M.

Wiki ya kwanza muuza mchicha alinisimamisha sokoni. "Dada, bibi anaumwa?" Alipoona nimeganda akajisikia mwenyewe alichosema, akaziba mdomo. "Astaghfirullah. Mimi nimekuwaje?" Tukaachana bila hata mchicha.

Wiki ya pili alikuja mzee. Nilikuwa nimemaliza kusoma tangazo la chanjo na muziki unacheza, nikaona kivuli mlangoni. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili kifuko cha machungwa. Kwa ule mguu, toka kwake mpaka kwetu, sijui alitoka saa ngapi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu ukae."

Hakukaa. Akaangalia magodoro ukutani, akaangalia mtambo na taa yake ya kijani, kama mtu anayetafuta kitanda cha mgonjwa.

"Nimekuja kujulia hali," akasema. "Jumatatu kanisalimia. Jumanne kimya. Jumatano kanisalimia. Alhamisi kimya. Nikasema ngoja, labda ni umeme. Wiki hii tena vile vile."

Nilidhani akili yake imeondoka, na kwamba mimi ndiye niliyeiondoa. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu.

"Usinitazame hivyo. Najua kafa. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Naulizia hiyo mnayoipiga. Mashine inaumwa?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekwisha pale. Lakini alikuwa amebeba machungwa. Mtu aliyekuja na machungwa kumtazama mgonjwa huwezi kumdanganya juu ya ugonjwa. Nikamwambia yote, kuanguka bafuni, jiko, Kiwangwa, B na M. Hata daftari nikamwonyesha, ingawa hakuwa na miwani.

Akaketi. Akaweka kifuko mezani. Akakaa kimya, nami bila kutaka nikajikuta napima, na kimya kile kilikuwa na urefu ule ule wa nafasi ya bibi. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo umenigawia zamu."

"Nisamehe, baba."

"Maisha yangu yote nimekaa na mke mmoja. Wenzangu wananiambia, ongeza, mshahara wa serikali unao. Nasema mimi mambo ya zamu siyawezi, leo kwa huyu kesho kwa yule. Sasa nimekuwa mgane, mshona nguo ananipangia zamu!"

"Nilitaka haki iwe sawa."

"Kwa nani na nani?"

"Kwako na kwa mtoto wako."

"Mimi zamu yangu nilipata salamu. Yeye zamu yake ulimpa nini?"

Siku ya binti nilikuwa nimempa kimya. Kwangu kile kimya kilikuwa ndicho fungu lake, alikiomba mwenyewe. Nikasema hivyo, kwa sauti ndogo.

"Kimya anacho kule kule kwake," mzee akasema. "Kiwangwa redio hai..." Akaishia hapo. Muziki ulikuwa bado unacheza, mtu anapiga zumari mbali, na nilikuwa najua kwamba natakiwa kurudi kwenye kipaza sauti na sikuweza kuinuka. Akachukua chungwa moja kutoka kwenye kifuko alicholeta, akalizungusha mkononi bila kulimenya.

"Toka tumzike," akasema, "yule hajamsikia mama yake hata mara moja."

Mimi sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimepima chapati kwa uzi na sikumtazama mtu usoni. Na sitaki kumsingizia mzee kwamba yeye alikuwa ameliona. Alilisikia likitoka mdomoni mwake wakati ule ule nilipolisikia mimi.

Akainuka. "Irudishe kila siku. Ile si yangu, wala si yako. Kuna watu huko kwenye vyandarua wanamngoja."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nitakwenda kwa mwanangu. Mpelekee habari, mimi simu sioni namba. Lakini usimwambie nimekubali kwa furaha. Mwambie nimekubali." Mlangoni akageuka. "Machungwa kuleni. Mgonjwa mzima."

Jioni ile niliiambia kamati nilichofanya. Mwenyekiti alinisema mbele ya watu, na alikuwa na haki, kitu cha watu hakichezewi na mtu mmoja kwa siri. Nilidhani wataniondoa. Hawakuniondoa, nadhani hakukuwa na mwingine wa kuamka saa kumi na moja.

Mzee alihama na gari dogo lililoleta mananasi ambalo lingerudi tupu. Alichukua godoro, sufuria zake za upishi mbili kubwa ambazo hakukubali kuziacha, na redio mapajani ingawa alijua haitashika. Kesho yake nilibonyeza, bibi akauliza mmeamkaje, na ndani ya ile nafasi nikawa najua kwamba kuna itikio moja limepungua. Sikuwa nimewahi kulisikia, kwa hiyo sijui nilijuaje.

Binti alinipigia mara moja. Mguu unaendelea vizuri. Anapika, amewafukuza wote jikoni. Saa kumi na mbili anafungua redio inavuma kama mvua juu ya mabati, yeye anakaa nayo muda ule, halafu anaizima. "Anaitikia mvumo," binti akasema. Alikuwa anacheka, halafu akaacha. "Nimemnyima mtu kitu chake, eti shoga?" Nikamwambia sijui. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwambia neno zuri.

Baada ya mvua kubwa walikuja mjini, mzee aonwe mguu hospitali. Walitoka Kiwangwa na gari la mananasi giza bado, wakafika mapema mno, hospitali haijafunguliwa. Mzee akamwamuru dereva awashushe kwetu redioni. Niliwakuta wameketi kwenye benchi letu la nje, chini ya spika tuliyofunga dirishani kwa ajili ya wapita njia. Ukungu ulikuwa mweupe mpaka ghala la nazi lilionekana nusu. Binti alisimama nilipofika.

"Sisi tunapumzika tu," akasema. "Tunakwenda hospitali sasa hivi." Alikuwa ameshika nanasi moja mikononi, zawadi ya kuniletea, na hakunipa. Nadhani alisahau kwamba analo.

Nikaingia. Nikawasha. Ile taa siku ile ilichukua muda kugeuka, au niliona hivyo. Mlango niliuacha wazi. Nikabonyeza.

"Assalaam alaykum. Hamjambo wa mjini? Hamjambo wa mashamba? Mmeamkaje?"

Kupitia mlangoni nilimwona mzee akivuta pumzi, mdomo umeshafunguka kuitikia kama alivyozoea. Halafu akaufunga. Akamgusa binti yake mguuni kwa ncha ya fimbo.

"Leo zamu yako," akasema.

Binti alikuwa anatazama juu, ile spika, kama mtu anayetazama dirisha la ghorofani kuona nani amemwita. Nafasi ilikuwa inakwenda. Kutoka mitaani, ndani ya ukungu, nilikuwa nawasikia wengine kwa mbali, hatujambo, salama, bibi. Yeye midomo ilitikisika bila kitu. Nafasi ikakaribia mwisho, naijua ilivyo, naijua kwa pumzi.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilisimamisha ile salamu hapo hapo kabla ya alhamdulillahi, na redio yote, Zinga, Mbegani, popote inapofika, ikanyamaza inangoja.

"Waalaykum salaam, mama," binti akasema. "Nimeamka salama."

Nikaachia.

"Alhamdulillahi," bibi akasema. "Haya, kumekucha."

Fundi aliandika kwenye daftari la mitambo kwamba asubuhi ile ukimya hewani ulizidi kiwango, akauliza sababu. Nikaandika chini yake kwamba kosa ni langu, na ni kweli lilikuwa langu. Halafu nikasoma tangazo la mbuzi wa Zinga, nimechelewa.